Anayekuuzia Bima Rahisi Amepunguza Nini?

"Kaka, bima ni bima tu." Maneno hayo utayasikia Kilole na Manundu hapa Korogwe, utayasikia Handeni mjini, na mara nyingi anayeyasema ndiye anayekuuzia. Maana yake ni kwamba karatasi zote ni zile zile, stika yoyote inamridhisha trafiki, kwa hiyo mwenye akili zake anauliza swali moja tu: shilingi ngapi? Anapigia mawakala watatu, anachukua aliyetaja bei ya chini, anatuma hela kwa simu na kuendelea na shughuli zake. Kotesheni amelinganisha, anavyoamini yeye. Mimi nasema hajalinganisha kitu, na kama gari lake ni miongoni mwa vile vigari vidogo vyenye injini za nguvu ambavyo vijana wetu wamevipenda siku hizi, basi amejichimbia shimo.

Nazungumzia Volkswagen Golf GTI, Subaru Impreza WRX ya milango mitano, Suzuki Swift Sport. Kwa nje ni magari ya kupelekea watoto shule. Golf GTI ya toleo la tano ukiikuta imeegeshwa kando ya duka la pembejeo unaweza kudhani ni ya mhasibu wa halmashauri, lakini chini ya boneti kuna lita mbili, turbo na nguvu farasi 200. Ikitoka Kilole na kuishika barabara kuu, Segera ni muda wa wimbo mmoja au miwili. Vibao vya hamsini vya vijijini vinapitwa kwa kuvizia tochi ilipo.

Msemo wenyewe haukuzuka hewani. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara yote ya bima ikawa mikononi mwake. Duka la pili halikuwepo. Mambo yalikwenda hivyo hadi sheria ya bima ya mwaka 1996 ilipofungulia kampuni binafsi mlango. Kwa takriban miaka thelathini, mzee aliyekuwa na Peugeot 504 au meneja aliyeendesha Land Rover ya shamba la mkonge hakuwa na cha kulinganisha. Bima ilikuwa bima kweli. Wanawe wamerithi msemo, hali yenyewe haipo tena. Leo kampuni ni nyingi, mawakala wamejaa, hata benki zinauza bima dirishani, na kila kampuni ina kitabu chake cha masharti.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo watu wanapojiona wajanja. Uingereza kwa miaka mingi magari yalipangwa katika makundi 50 ya bima, na GTI haikukaa makundi ya chini. Kampuni inakuuliza umri wako, unalala mtaa gani, leseni umepata lini, na kijana wa miaka ishirini anaweza kutajiwa bei inayokaribia thamani ya gari. Mahali kama hapo kuzunguka kutafuta bei ni kazi yenye faida, kwa sababu kila kampuni inakupima kivyake. Kwetu hesabu ni nyingine. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inasimamia viwango vya chini, na bima kubwa ya gari binafsi inakwenda kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, halafu VAT ya asilimia 18 juu yake. Passo ya mwalimu na GTI ya mtoto wa tajiri zinapigiwa kanuni moja. Bei haiioni turbo.

Basi jiulize: kama kanuni ni moja na kiwango cha chini ni kimoja, huyu wakala wa bei ya chini ameitoa wapi laki tatu na ushee aliyokupunguzia? Hakuitoa mfukoni mwake. Kamisheni yake haifiki huko, na angekuwa mtu wa kugawa hela asingekufuata wewe. Ameipunguza kwenye thamani ya gari.

Tupige hesabu. GTI yako ukitaka kuinunua leo Dar es Salaam, ikiwa imeshalipiwa kila kitu na ina namba, tuseme ni milioni 24. Asilimia 3.5 yake ni 840,000. Ongeza VAT, unalipa 991,200. Wakala wa bei rahisi ameandika milioni 15. Asilimia 3.5 ni 525,000, ukiongeza VAT inafika 619,500. Umeokoa 371,700, na jioni unawasimulia wenzako. Mwezi wa nane unaingia ubavuni mwa lori Michungwani. Mtathmini anasema matengenezo ni milioni 8, na gari lenyewe lilikuwa na thamani ya milioni 24. Kama mkataba wako una kipengele cha uwiano, kampuni inasema umekatia bima asilimia 62.5 ya gari, kwa hiyo inabeba asilimia 62.5 ya hasara: milioni 5. Toa eksesi, tuseme asilimia 10, zinabaki milioni nne na nusu. Aliyelipa 991,200 kwa masharti hayo hayo angepata milioni 7.2. Laki tatu na ushee za ujanja zimekula milioni 2.7.

Na wengi hawadanganywi hata, wanajikata wenyewe. Mtu ameagiza gari Japani, anakumbuka bei ya gari na nauli ya meli, anaitaja hiyo kwa wakala. Amesahau ushuru wa forodha wa asilimia 25, amesahau VAT, amesahau tozo ya uchakavu inayolipwa kwa gari lenye umri mkubwa, amesahau hata wakala wa bandarini. Gari likiisha kabisa, la pili litamdai hayo yote upya. Wapo pia wa upande wa pili, wanaoandika milioni 35 kwa gari la milioni 24 wakitegemea kutajirika likiibwa. Hao wanaichangia kampuni bure, maana fidia haivuki bei ya soko ya siku ya hasara.

Nilisema bei haiioni turbo. Madai yanaiona vizuri sana. Kampuni ambayo haikukutoza zaidi kwa sababu ya kasi yako imejilinda kwenye kitabu cha masharti, na kitabu hicho ndicho unachopaswa kukilinganisha. Anza na eksesi, kile kipande cha hasara unachobeba mwenyewe. Utakuta mmoja ameandika asilimia 10 ya dai, akanyamaza. Mwingine ameandika asilimia 10 ya dai, isipungue laki tano. Ukivunja taa ya laki nne na nusu, kwa huyu wa pili huna bima, una stika. Mwingine anaongeza eksesi dereva akiwa na umri mdogo au leseni changa. Nani huendesha hivi vigari, wastaafu?

Halafu kuna fomu ya maombi, ambayo ningeomba kila mtu aione kwa macho yake walau mara moja. Mara nyingi ina swali kama gari limefanyiwa mabadiliko yoyote. Wakala anaijaza kwa simu akiwa anakunywa chai: jina, namba ya gari, namba ya chasisi, na kwenye lile swali anatia tiki kwenye "Hapana" bila kukuuliza, kwa sababu swali lingechelewesha kamisheni. Saini iliyo chini ni yako. Na wewe ulishabadilisha eksozi, umeshusha springi, na kuna fundi Dar amechezea kompyuta ya injini ili farasi 200 wawe zaidi. Bima ni mkataba wa kusema ukweli wote. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, umeipa sababu halali ya kukugeuzia mgongo. Swali la matumizi ni hivyo hivyo. Umeandika "binafsi", lakini kila Jumamosi gari linafungwa riboni na kukodishwa kwenye harusi na sendoff. Siku likigongwa likiwa na bibi harusi ndani, yule wakala mcheshi hatapokea simu.

Kwa sisi wa huku, kuna mstari mmoja ambao watu wa Dar wanaweza kuuruka na sisi hatuwezi: gharama za kuvuta gari. Fundi wa kufungua giaboksi ya GTI na kuirudisha ikiwa nzima hapatikani kila kona hapa Korogwe, na gereji ambazo kampuni inazikubali ziko kwenye orodha yake. Gari lililokatika miguu ya mbele Kabuku au Mkata litapanda bredauni hadi Dar. Soma kikomo cha kuvuta. Kikiwa laki mbili, umbali wote unaobaki ni wako. Soma na kikomo cha kioo cha mbele. Uliza kama mafuriko yamo. Waliopitia mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Na kama una tabia ya kuvuka Horohoro kwenda Mombasa, uliza habari ya Kadi ya Njano, ile bima ya kuvukia mpaka, kabla hujafika Horohoro.

Kuna kundi jingine ambalo limeruka hata hatua hii. Lina GTI ya milioni 24 na bima ndogo, ile ambayo kwa miaka mingi tumeizoea kwa 118,000. Hoja yao ni kwamba wao ni madereva wazuri. Sawa, tukubali. Bima ndogo inamlipa unayemgonga. Chuma chako haikitengenezi. Dereva mzuri anatoka zake Handeni saa moja jioni, mbuzi anakatisha lami. Mbuzi hana bima ndogo. Mwenye mbuzi hatajitokeza, na akijitokeza atadai mbuzi wake. Au bodaboda anaingia kutoka njia ya vumbi bila taa, stika yake ilikufa mwaka juzi. Kosa ni lake kabisa, na mahakama itakubaliana nawe. Atakulipa nini? Uzuri wako wa kuendesha haujaingia popote katika hesabu hiyo. Mwenye kigari cha milioni tano nitamwelewa akibaki na bima ndogo. Mwenye GTI amefanya kamari, aseme tu.

Najua jibu linalonisubiri: "Hata ukilipa hela nyingi, hawa watu hawalipi." Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kufuatilia dai. Kuna faili zinazozungushwa, kuna mtathmini asiyetokea, kuna "mfumo uko chini". Lakini angalia hoja inakupeleka wapi. Ikiwa kampuni zinatofautiana katika kulipa, na kila mtu anakiri zinatofautiana, basi hiyo ndiyo sababu ya kuchagua kampuni kwa namna inavyolipa. Waulize mafundi wa gereji ni kampuni gani inayowalipa upesi. Wanazijua kwa majina na hawana cha kuficha. Sheria nayo ipo: dai likikamilika nyaraka, siku zinahesabiwa, na kiwango kinachotajwa ni 45. Ukikwama kuna TIRA, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya mtu kama wewe. Ila ofisi zote hizo zitakuuliza jambo moja: mkataba unasemaje? Aliyenunua kwa kuamini "bima ni bima tu" hana cha kuwajibu, kwa sababu mkataba hajawahi kuushika. Ana picha ya stika kwenye simu. Na fomu ya polisi ya PF 90 hakuichukua, maana alimalizana na mwenye lori pale pale barabarani.

Nisisahau vishoka. Stika siku hizi ni ya kielektroniki, namba ya gari inatafutwa kwenye mfumo wa TIRA, na ni kazi ya dakika mbili kwenye simu. Bado kuna watu wanamlipa mtu asiye na ofisi wala leseni, wanapokea karatasi nzuri yenye rangi, na hawaingizi namba mfumoni hadi siku ya ajali. Bei yake ilikuwa rahisi kuliko zote. Ilipaswa kuwa hivyo, maana hakuna kampuni nyuma yake.

Kwa hiyo ukipiga simu wiki hii kutafuta bima ya kigari chako, bei iulize mwisho. Kwanza wape mawakala wote watatu thamani moja, ile ya kununua gari jingine leo likiwa na namba. Waambie ukweli kuhusu eksozi na springi. Waambie wakutumie kitabu cha masharti, usome kurasa za eksesi, uwiano, dereva na kuvuta gari. Fomu jaza kwa mkono wako. Na wakala atakayekuambia kitabu utakipata ukishalipa, mwachie hela yake aitafute kwa mwingine.