Ebola na mpox: kwa nini mashariki mwa RDC inahitaji watu wanaojua kusoma na kuandika makala za utafiti

Mwezi wa Agosti 2019, wakati Ebola ilikuwa ingali inaua watu Beni, Butembo na Mangina, habari moja ilizunguka dunia nzima: Ebola sasa inatibika, na wagonjwa 9 kwa 10 wanaweza kupona. Habari hiyo ilikuwa njema. Lakini kwa familia za Kivu ya Kaskazini zilizokuwa zikizika watu wao wiki hizo hizo, hesabu hiyo ilikuwa ngumu kuamini.

Habari haikuwa ya uongo, na familia nazo hazikukosea. Maelezo kamili yalitoka mwishoni mwa mwaka huo katika makala ya utafiti iliyochapishwa na jarida la Marekani, New England Journal of Medicine. Wengi waliosikia ile asilimia 90 hawakuifungua makala hiyo kamwe.

Jedwali lilisema nini

Utafiti huo, unaoitwa PALM, ulianza Novemba 2018 katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Uliongozwa na INRB, taasisi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi za afya za Marekani. Kazi iliendelea katikati ya vita: Februari 2019, vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Wagonjwa 681 waliingizwa katika utafiti na kugawanywa kwa kura ili wapewe moja ya dawa nne. Waganga walihesabu waliokufa ndani ya siku 28. Kati ya wagonjwa 174 waliopewa MAb114, walikufa 61, yaani asilimia 35. Kati ya 155 waliopewa REGN-EB3, walikufa 52, karibu asilimia 34. Upande wa ZMapp walikufa nusu, na upande wa remdesivir asilimia 53.

Kwa hiyo, hata kwa dawa mbili zilizoshinda, mgonjwa mmoja kwa watatu alikufa. Ile asilimia 90 ilitoka wapi? Ilitoka katika mstari mmoja wa jedwali: wagonjwa waliofika wakiwa na virusi vichache katika damu. Kwao, MAb114 ilipoteza mtu mmoja tu kwa 10. Lakini wale waliofika wakiwa na virusi vingi, kwa dawa ile ile, walikufa 7 kwa 10.

Makala hiyo ilionyesha pia kwamba uwezekano wa kufa ulipanda kwa asilimia 11 kwa kila siku ambayo mgonjwa alibaki na dalili kabla ya kuingia katika utafiti. Huo ndio ujumbe uliopaswa kufika Katwa na Mangina: dawa iko, lakini inashindana na siku. Kichwa cha habari kinachosema "Ebola inatibika" bila kusema "ukifika mapema" kinamfanya aliyechelewa kufika aonekane amedanganywa. Na pale ambapo watu tayari walikuwa na mashaka juu ya vituo vya Ebola, jambo hilo si dogo.

Maswali manne kabla ya kuamini

Kusoma makala ya tiba vizuri hakumaanishi kuelewa kila neno la maabara. Muuguzi, mwandishi wa habari au mwanafunzi wa tiba anaweza kuanza na maswali manne.

La kwanza: ni nani aliyehesabiwa? Asilimia 50 ya watu 8 na asilimia 50 ya watu 800 hazina uzito sawa. La pili: walilinganishwa na nani? Katika PALM, kila mgonjwa alipata dawa moja kati ya nne, pamoja na maji ya mshipa na uangalizi wa kawaida. Utafiti huo unaonyesha dawa gani ni bora kuliko nyingine, lakini hauwezi kusema ni wangapi wangepona bila dawa yoyote. La tatu: waligawanywa namna gani? Muganga akijichagulia nani apewe dawa mpya, anaweza kuwapa wenye nguvu zaidi bila hata kujua, na dawa itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Kura inazuia hilo. La nne: nani alitoka njiani, na makala inasema nini juu yake?

Jina kubwa la jarida halitoshi. Mei 2020, The Lancet ilichapisha makala juu ya hydroxychloroquine na Covid-19, ikidai kutumia taarifa za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara sita. OMS ilisimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Lakini watafiti waliosoma kwa makini walishangaa. Kulingana na hesabu za makala, karibu robo ya wagonjwa wote wa Covid barani Afrika walikuwa wametibiwa katika hospitali zilizotuma taarifa hizo kwa kompyuta. Kila anayejua hospitali za Afrika zinavyofanya kazi angeweza kutia shaka. Tarehe 4 Juni, wiki mbili tu baadaye, makala iliondolewa.

Dawa ya mpox iliyoshindwa, na kile ilichofundisha

Mfano wa pili uko karibu pia. Kuanzia mwaka wa 2022, watafiti wa INRB na wenzao wa Marekani walijaribu dawa ya tecovirimat dhidi ya mpox huko Tunda, jimboni Maniema, na Kole, jimboni Sankuru. Walioshiriki walikuwa 597. Wengine walipewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa ndani.

Agosti 2024, siku moja baada ya OMS kutangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, matokeo yalitangazwa: tecovirimat haikufanya vidonda vipone haraka zaidi. Msomaji wa haraka angesema utafiti umeshindwa. Lakini katika makundi yote mawili walikufa asilimia 1.7 tu, wakati takwimu za nchi zilikuwa zikionyesha asilimia 3.6 au zaidi. Wagonjwa hao walilazwa hospitalini, wakapata chakula, wakatibiwa maambukizi mengine na kuangaliwa kila siku.

Hapa pia msomaji mzuri anajizuia. Kulinganisha dawa na vidonge vitupu kulifanywa kwa kura, kwa hiyo kuna nguvu. Kulinganisha asilimia 1.7 na 3.6 hakukufanywa kwa kura: waliohesabiwa vijijini si lazima wafanane na waliolazwa Tunda. Ni dalili nzito kwamba matunzo mazuri yanaokoa, lakini si uthibitisho wa mwisho. Kwa hospitali ya Kamituga au Walikale, hata dalili hiyo ina maana: kitanda, chakula na muuguzi vinastahili bajeti leo, bila kungoja dawa mpya.

Nani anaandika?

Damu za watu wa Kongo zimejaza maabara za dunia tangu Yambuku, mwaka wa 1976. MAb114 yenyewe ilitokana na chembe za damu za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kwa miaka mingi, majina ya Wakongomani yalikuwa nyuma katika orodha ya waandishi, au hayakuwepo kabisa. Hali hiyo inabadilika. Jina la kwanza kwenye makala ya PALM ni la Sabue Mulangu wa INRB. Makala ya mwaka wa 2024 iliyoeleza mpox ya aina mpya ya Kamituga inaanza na jina la Emmanuel Hasivirwe Vakaniaki, naye wa INRB.

Lakini kati ya Kinshasa na zahanati ya kijiji bado kuna umbali mkubwa. Vitivo vya tiba vya Bukavu, Goma na Butembo hufundisha kwa Kifaransa, na majarida yenye nguvu huandikwa kwa Kiingereza. Kuchapisha makala inayosomwa bure kunaweza kudai maelfu ya dola, ingawa majarida mengi husamehe waandishi wa nchi maskini wanaoomba. Kwa upande wa kusoma, mpango wa HINARI wa OMS, ulioanzishwa mwaka wa 2002, unazifungulia taasisi za nchi kama RDC maelfu ya majarida bila malipo. Sharti ni taasisi kujiandikisha, na kuwa na intaneti na umeme.

Kuandika nako kuna nidhamu yake. Makala ya tiba ina sehemu nne: swali, njia iliyofuatwa, matokeo, na maana yake. Iliyo muhimu kuliko zote ni ya njia: mwingine akiisoma aweze kurudia kazi ile ile mahali pengine. Mwandishi anapaswa kusema idadi ya waliokataa, waliohama na waliokufa kabla ya hesabu, na kukiri mipaka ya kazi yake. Na kulingana na kanuni za majarida, mwandishi ni yule aliyechangia kazi yenyewe, akashiriki kuandika, akakubali nakala ya mwisho na kuwa tayari kuijibia. Daktari mkuu ambaye hakufanya lolote hastahili kuwekwa kwa heshima tu, na muuguzi aliyetoa mchango huo hastahili kuachwa.

Agosti 2022, OMS ilitumia matokeo ya PALM kupendekeza dawa mbili zilizoshinda na kukataza zile mbili nyingine. Yaani majedwali yaliyojazwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina sasa yanaongoza matibabu ya Ebola ya aina ya Zaire popote duniani. Mgonjwa wa kesho wa Oicha au Mambasa anahitaji dawa hizo ziwe karibu. Anahitaji pia mtu katika kituo chake cha afya aliyesoma jedwali hadi mwisho, na anayeweza kumwambia mama mwenye mtoto mwenye homa: usingoje hadi kesho, kila siku inahesabiwa.