Usawa wa Kijinsia: Sera Tunazo, Je, Nia Tunayo?

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Ikiwa usemi huu una ukweli, basi taifa la Kenya linadaiwa na wanawake wake deni lililoanza kuhesabiwa tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba ya sasa ilipoidhinishwa rasmi. Kifungu cha 27 cha Katiba hiyo kinaiagiza Serikali kuchukua hatua, zikiwemo za kutunga sheria, ili watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Kifungu cha 81 kinairudia kanuni iyo hiyo kinapotaja misingi ya uchaguzi wetu. Tangu hapo tumepiga kura mwaka wa 2013, mwaka wa 2017 na mwaka wa 2022, na Bunge la Taifa halijaitimiza kanuni hiyo hata mara moja.

Ndugu msomaji, makala haya hayanuii kukariri malalamiko ambayo umeyasikia tangu shule ya upili. Yananuia kujibu swali moja: kwa nini nchi yenye sera nyingi za usawa wa kijinsia inashindwa kuutimiza usawa huo palepale sera zinapotungwa?

Kwanza, tukiri kwamba sera tunazo. Mwaka wa 2006 Serikali ilichapisha sera ya kitaifa kuhusu usawa wa kijinsia na maendeleo. Mwaka uo huo Rais Mwai Kibaki aliagiza kwamba wanawake wapewe asilimia 30 ya nafasi za ajira katika utumishi wa umma, na Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kijinsia iliyowasilishwa na Mheshimiwa Njoki Ndung'u, wakati huo akiwa mbunge mteule. Mwaka wa 2007 ukaanzishwa mfuko wa kuwakopesha wanawake mitaji ya biashara. Mwaka wa 2011 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku ukeketaji, na ikaundwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Tangu mwaka wa 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sera yenyewe ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2019. Mtu akiziweka hati hizi zote juu ya mizani, hatathubutu kusema kwamba sisi ni maskini wa karatasi.

Isitoshe, pale ambapo uteuzi hufanywa kwa utaratibu unaoeleweka, matunda yameonekana. Nchi iliyosubiri hadi mwaka wa 1969 kumwona Bi. Grace Onyango akiwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge, na hadi mwaka wa 1995 kumwona Bi. Nyiva Mwendwa akiwa waziri wa kwanza wa kike, ilimpata Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke, Bi. Martha Koome, mwaka wa 2021. Mwaka wa 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa gavana au seneta. Mwaka wa 2017 walichaguliwa magavana watatu wa kike, na mwaka wa 2022 wakawa saba kati ya 47. Mwenye macho haambiwi tazama.

Tatizo basi liko wapi? Kwa maoni yangu, tatizo la kwanza limo katika hesabu. Waliotunga Katiba waliyawekea mabunge ya kaunti njia ya kuitimiza kanuni: baada ya uchaguzi wa wadi, nafasi maalumu huongezwa hadi jinsia yoyote isizidi thuluthi mbili. Bunge la Taifa halikuwekewa njia kama hiyo. Lina wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti na wabunge wateule 12, jumla yao 349. Thuluthi moja ya idadi hiyo ni wabunge 117. Mwaka wa 2022 wanawake waliochaguliwa katika maeneobunge walikuwa wapatao 30. Ukiwajumlisha na wale 47, unapata 77. Hata kama vyama vingewateua wanawake watupu katika nafasi zote 12, wangefika 89. Pengo la watu 28 lingebaki vilevile. Katika Seneti, Katiba inawahakikishia wanawake nafasi 18 kati ya 67, ilhali thuluthi moja ni 23. Mwaka wa 2017 walichaguliwa maseneta watatu wa kike, wakawa 21, wakapungukiwa na wawili tu. Kwa ufupi, Katiba ilitaja mahali pa kufika bila kuonyesha barabara, na kazi ya kuichonga barabara hiyo ikaachiwa Bunge lenyewe.

Bunge limeifanyaje kazi hiyo? Mnamo tarehe 11 Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba kanuni hii itekelezwe hatua kwa hatua, na kwamba sheria ya kuitekeleza ipatikane kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu wa wakati huo, Dkt. Willy Mutunga, alipinga uamuzi wa wenzake. Muda ulipowadia, Bunge lilijiongezea mwaka mmoja. Mwaka wa 2016 mswada ukashindwa. Mnamo Februari 2019 mswada mwingine ulipata kura 174 ilhali zilihitajika 233. Mnamo tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta avunje Bunge kwa kukosa kutunga sheria hiyo. Ushauri huo ulisimamishwa mahakamani, na Bunge lilo hilo likaendelea na vikao vyake hadi muda wake ulipokwisha mwaka wa 2022. Kinaya kilichoje! Raia wa kawaida akikaidi amri ya mahakama hufungwa. Mtunga sheria akikaidi Katiba hulipwa marupurupu.

Wapo wanaoipinga kanuni hii kwa hoja ambazo hatuwezi kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni gharama: kwamba mlipakodi hawezi kubeba mzigo wa wabunge wa ziada. Hoja hii ina uzito, nami sioni haya kuikubali. Njia ya kuongeza viti baada ya uchaguzi ni ghali, na imezaa dharau. Wateule wengi huchukuliwa kuwa wabunge wa daraja la pili, na wawakilishi wanawake wa kaunti walipoingia bungeni mara ya kwanza mwaka wa 2013, wapo waliowaita maua ya kupamba ukumbi. Lakini ughali wa dawa moja haumaanishi kwamba ugonjwa haupo.

Hoja ya pili ni kwamba wanawake washindane debeni kama wanaume, kwa sababu mpigakura ndiye mwamuzi. Tusisahau kwamba kabla mpigakura hajaamua, chama huwa kimekwisha kuamua. Katika maeneo mengi ya nchi hii, anayepata tiketi ya chama chenye nguvu pale ni kama aliyekwisha kuchaguliwa. Tiketi hiyo hutafutwa katika mikutano ya usiku, kwa fedha nyingi, na pengine mbele ya vijana waliokodishwa kutusi na kutisha. Ni kweli kwamba wanawake hutozwa nusu ya ada ya uteuzi katika tume ya uchaguzi, lakini nafuu hiyo huwafaa wale tu waliokwisha kuuvuka mto wa chama.

Hapa ndipo ninapopendekeza sera ielekezwe. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka wa 2011 tayari inakinyima fedha za umma chama ambacho zaidi ya thuluthi mbili ya viongozi wake ni wa jinsia moja. Kipengele hicho kipanuliwe kiwaguse pia wagombea wa ubunge na useneta. Chama kisichosimamisha thuluthi moja ya wagombea wa jinsia nyingine kipoteze mgao wake, na thuluthi hiyo ihesabiwe pia katika ngome za chama, wala si pale tu ambapo chama hakitarajii kushinda. Njia hii haimwongezei mlipakodi kiti hata kimoja, wala haimnyang'anyi mpigakura uamuzi wake. Majirani wetu wa Rwanda, katika Katiba yao ya mwaka wa 2003, hawakuishia kutaja asilimia 30. Walitenga viti 24 kati ya 80 vya wabunge kwa ajili ya wanawake. Si lazima tuige mfumo wao wote. La kujifunza ni kwamba asilimia isiyo na utaratibu hubaki kuwa matamanio.

Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi, na hapa sisi wana-Kiswahili tuna la kujiuliza. Lugha yetu ina ngeli ya A-WA isiyobagua mume na mke. Tunaposema "mbunge amefika", sarufi haitulazimishi kutaja jinsia yake. Lakini lugha hiyo hiyo imehifadhi methali kama "mke ni nguo, mgomba kupalilia", ambayo twaifundisha madarasani bila kuihoji. Taasubi ya kiume haimo katika sarufi yetu. Imo katika matumizi yetu, na matumizi hubadilika watumiaji wanapobadilika.

Naomba nitoe ushahidi wa karibu. Niliwahi kuwa karani wa uchaguzi katika chama cha wanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja. Mwenzetu mmoja wa kike, mwanafunzi hodari wa isimu na msemaji asiyetetereka, alijitokeza kugombea uenyekiti. Siku tatu kabla ya kura, mabango yake yaliandikwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alikuja akaniomba nilifute jina lake. Nilimpa fomu, akatia sahihi, nikaipokea. Sikumwuliza lolote, wala sikumshauri apeleke malalamiko kwa msimamizi. Baadaye tulimpa nafasi ya mweka hazina bila kupingwa, tukajipongeza kwamba tumezingatia jinsia. Leo ninapowalaumu wabunge kwa kukwepa wajibu, naikumbuka fomu ile iliyopita mikononi mwangu. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2016 yanataka mwenyekiti wa baraza la wanafunzi na naibu wake wawe wa jinsia tofauti. Sheria hiyo ni njema, ila haikuandika popote kwamba mwanamume ndiye awe mwenyekiti na mwanamke awe naibu. Hilo tuliliandika sisi, kwa desturi zetu.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 usitukute tukihesabu tena pengo lile lile. Tuwadai wabunge wetu sheria ya vyama yenye meno. Tunapotazama orodha ya wagombea wa chama chochote, tuulize wanawake wamesimamishwa wapi, katika ngome au katika jangwa. Na hapa chuoni tuanze na chama chetu wenyewe: anayechafua bango la mgombea aondolewe katika kinyang'anyiro, na karani anayepokea fomu ya kujiondoa auandike ushuhuda wa sababu yake.

Sera ni mbegu, na mbegu hazikosekani nchini mwetu. Kinachokosekana ni mkono wa kuzipanda na jicho la kuzilinda. Dawa ya deni ni kulipa.