Kompyuta Isiyonguruma Nyumbani

Qur'ani inaposomwa, tumeamrishwa tuisikilize na tunyamaze (al-A'raf, 7:204). Ni vyema basi hata chombo kinachotusomea kisitupigie kelele.

Familia nyingi sasa huhifadhi visomo, darsa na kaswida katika kompyuta moja ya nyumbani, na simu za watoto huvipokea kwa Wi-Fi ya humo humo bila kutumia bando. Mngurumo wa kompyuta hutoka sehemu mbili: feni inayoipoza, na diski ya sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kwa kuwa kazi hii ni nyepesi, tunashauri kompyuta ndogo isiyo na feni, kama Raspberry Pi 4, pamoja na diski ya SSD, ambayo ndani yake hakuna kinachozunguka. Hutumia umeme usiofika wati 10. Iwekwe penye hewa, wala isifunikwe kitambaa.

Tusilipie nafasi tusiyoihitaji. Kisomo cha saa 30, kwa kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua takriban gigabaiti 1.7 tu, diski ya gigabaiti 500 yatutosha miaka mingi.

Fedha inayosalia inunue diski ya pili. Kisomo cha kari mashuhuri kikipotea hupatikana tena. Sauti ya babu akidarsisha, iliyohamishwa kutoka kwenye kaseti, haina badali. Amana hiyo tuiwekee nakala mbili, moja katika nyumba ya ndugu.

Wabillahi tawfiq.