Mama mgonjwa akiua, nani atamwambia jaji?



Wiki hii tunaongea juu ya jambo zito. Tuseme mama mmoja amekimbia vita Masisi, anaishi kambini. Amezaa miezi miwili iliyopita. Hapati usingizi, chakula hagusi, anaongea peke yake, anasema mtoto huyu si wake. Majirani wanasema ni mapepo. Usiku mmoja mtoto anakufa mikononi mwake. Asubuhi watu wamejaa, na kila mmoja ana hukumu yake. Huyu anataka achomwe, yule anasema ni kichaa, aachiliwe tu.

Sheria yetu inasema nini? Katika kode penali ya Kongo, kuua kwa kusudi kunaadhibiwa kwa kifo. Tangu 2003 hukumu hiyo ilikuwa haitekelezwi, lakini mwezi wa tatu 2024 waraka wa waziri wa sheria uliondoa zuio hilo. Waraka ulilenga wasaliti katika jeshi na majambazi wanaoua mjini, si mama yetu huyu. Hata hivyo, neno "kifo" limerudi kuwa zito, na hatuwezi kulichezea.

Mtu ambaye wakati wa tendo hakuwa na akili kabisa hahesabiwi kosa. Lakini wengi wako katikati. Akili ilikuwepo, ila ilikuwa imejeruhiwa. Alijua anachofanya, ila ugonjwa ulikuwa umemwondolea nguvu ya kujizuia. Kwa mtu kama huyo kuna kifungu cha 18. Jaji akiona sababu za kupunguza adhabu, anaweza kuweka kifungo cha maisha mahali pa kifo, ao kifungo cha miaka atakayoipima yeye mwenyewe.

Tuangalie vizuri neno "anaweza". Jaji hakulala katika hema lile. Anajua tu yaliyo katika dosie na yaliyosemwa mbele yake. Kama hakuna aliyemwambia juu ya ugonjwa, atapima nini?

Majirani zetu wameandika jambo hili wazi zaidi. Kenya, Uganda na Tanzania zina kosa la peke yake kwa mama aliyeua mtoto wake wa chini ya miezi 12, ikiwa akili yake ilivurugika kwa sababu ya kuzaa. Anaadhibiwa kama mtu aliyeua bila kukusudia. Tena mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wafungwa wenzake 417, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Uganda ilikataa hukumu ya kifo ya lazima. Ilisema jaji asifungwe mikono. Lazima kwanza asikilize hali ya kila mtu.

Na huko Uingereza kuna kesi ya Kiranjit Ahluwalia. Mume wake alimpiga miaka kumi. Mwaka 1989 alimchoma moto mume huyo akiwa amelala, akafa. Mama akapewa kifungo cha maisha. Shirika la wanawake, Southall Black Sisters, halikumwacha. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba ushahidi wa ugonjwa wake wa huzuni haukuletwa katika kesi ya kwanza. Kesi ilirudiwa, akahesabiwa kuwa aliua akili yake ikiwa imepungukiwa, na miaka mitatu na miezi minne aliyokwisha kukaa gerezani ikatosha. Tendo lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii jaji aliambiwa yote.

Najua kuna mama atauliza: na aliyekufa, nani anamlilia? Ni swali la haki. Kupunguza adhabu si kusema hakuna aliyekufa. Tendo linaitwa kwa jina lake, na adhabu ipo. Mwingine ataogopa kwamba kila mume muuaji atasema "nilikuwa mgonjwa". Ndiyo sababu ugonjwa unahitaji ushahidi: munganga aliyempima, watu waliomuona kabla ya siku ile. Bila hayo ni maneno tu.

Basi, kazi yetu katika makundi ni hii. Mzazi mpya akibadilika, halali, anaogopa mtoto wake ao anasikia sauti, tusimwache peke yake na mtoto. Tumpeleke kituo cha afya ao Tulizo Letu, hapa Goma, ambako wanatibu magonjwa ya akili. Tutunze fishi zake zote za hospitali. Na ikiwa mabaya yamekwisha kutokea, tuzuie mikono ya wenye hasira, tumtafutie avoka, tuombe apimwe na munganga mapema. Kisha twende kutoa ushahidi. Tuseme tulichoona kwa macho, na tarehe zake, bila kuongeza wala kuficha.

Mama anayeuza makala karibu na hema lile, aliyesikia kilio kila usiku, anajua kitu ambacho hakimo katika dosie. Akinyamaza, hukumu itakatwa bila kitu hicho.

Tukutane wiki ijayo.