Aliyekatazwa Hamira

Mama mmoja aniuliza: mume wangu amekatazwa hamira na daktari, nimpikie nini?

Pole, mama, lakini usihangaike. Vyakula vya shambani karibu vyote havina hamira: ugali, wali, ndizi, viazi, muhogo, maharage, mchicha, samaki wabichi. Mkate wa dukani na aache. Maandazi na vitumbua, muulize kwanza aliyepika, kwa maana andazi lililoumuliwa kwa baking pauda halina hamira, wala kwa macho hutalitambua. Chapati ya kusukuma haina neno. Siki aiache.

Shida iko kwenye pombe. Mbege, ulanzi na tembo la mnazi havitiwi hamira ya dukani, lakini huchachuka kwa chachu yake yenyewe, nayo ni jamii ile ile. Hapo atabisha sana, jitayarishe! Togwa nayo huchachuka. Mpe uji uliopikwa leo.

Hostia haina chachu, ni unga wa ngano na maji tu. Akomunike bila hofu.

Tena, nasikia wako akina mama wanaonyonyesha ambao, mtoto akiota utando mweupe kinywani, hujinyima mkate na togwa wakidhani hamira ndiyo iliyomdhuru. Sivyo. Ule ni ukungu wa namna nyingine, nao hutibiwa kwa dawa ya matone. Mama akijinyima hudhoofika bure, na mtoto hapati nafuu. Mpeleke zahanati, nawe ule ushibe.