Jamani, kuwa na bibi Mbinga si ukabila

Dada yangu alimaliza Shule ya Sheria, akaapishwa kuwa wakili, akaomba kazi kwenye ofisi moja ya uwakili Songea. Akaitwa kwenye usaili. Akapanda basi Dar alfajiri, zaidi ya kilomita 900, Iringa, Makambako, Njombe, anashuka miguu imevimba. Mzee mwenye ofisi akasoma barua yake, akamwangalia, akasema: "Binti, nyie wa Dar huku hamkai." Usaili ukaishia hapo.

Nilikasirika kuliko yeye. Lakini aliponionyesha ile barua, nikanyamaza. Matokeo ya chuo yapo, vyeti vya semina vipo. Hakuna alipoandika kwamba kwao mama ni Mbinga, kwamba kila likizo ya Desemba tulikuwa huko, kwamba anaongea Kimatengo na bibi bila mkalimani. Hakuandika kwamba alipokuwa mwaka wa tatu alimsindikiza bibi kwenye Baraza la Ardhi kwa ajili ya shamba la kahawa. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema: "Wangesema natafuta kazi kwa ukabila."

Hofu yake naielewa. Sisi tumelelewa kuona aibu kuulizana makabila, na ni malezi mazuri. Sheria nayo iko wazi: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila au mahali mtu alikotoka, na kinamlinda hata mwombaji wa kazi. Kwa hiyo mwajiri akikuuliza "wewe kabila gani?", amekosea.

Ila "utakaa?" ni swali lingine kabisa. Kesi ya mirathi au ya shamba inaweza kula miaka. Wakili akiondoka katikati, mteja anaanza upya kumweleza mtu mwingine mpaka uko wapi na nani alizikwa wapi. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, mteja anafuatilia anachosemewa. Anataka mtu atakayekuwepo.

Hili nimelionja mwenyewe. Nasomea ualimu, na kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule ya kijijini. Siku ya kwanza kabisa mwanafunzi wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, na wewe unaondoka lini?" Hakuniuliza kabila. Alikuwa amechoka kuachwa.

Kuna watakaoniambia kwamba huu ni ukabila umevaa suti, kwamba asiye na bibi Mbinga afanyeje? Hoja nzito. Jibu langu ni kwamba uhusiano na mahali haupatikani kwa kuzaliwa tu. Nenda ukafanye fildi huko badala ya kugombania nafasi za Posta na Kariakoo. Jitolee miezi miwili kwenye msaada wa kisheria. Jua watu wa pale wanagombania nini: mahindi, kahawa, mipaka, mirathi. Kisha andika hayo kwenye barua. Mchaga aliyefanya fildi Songea na kurudi mara ya pili ana jibu zuri kuliko Mngoni ambaye hajawahi kufika Bombambili.

Na nyie waajiri, ulizeni. Yule mzee angeuliza tu, "Huku unamjua nani?", angesikia habari za bibi na lile shamba. Alikisia, akakosa wakili aliyekuwa tayari kukaa.

Wiki iliyopita dada ametuma barua nyingine, ofisi tofauti, Songea hiyo hiyo. Aya ya pili inaanza na bibi na Baraza la Ardhi. Jibu bado. Ila safari hii wakimkataa, watakuwa wamemkataa yeye, si "binti wa Dar" waliyemtunga kichwani.