Kabla hujamlaumu dada wa kazi, ikague kamera yako

Kamera za ulinzi zimeshuka bei, na familia nyingi za mijini sasa zina moja sebuleni au getini. Mzazi yuko kazini, mtoto yuko nyumbani na dada wa kazi, na simu ndiyo dirisha la kuchungulia. Siku moja dirisha hilo linagoma. Video ya asubuhi haipo, taarifa ya mtu kuingia haikuja, au kitufe cha kuzungumza na walioko nyumbani kimefifia na hakibonyezeki.

Wazo la kwanza la wazazi wengi ni kwamba dada amechezea kamera. Maneno makali yanasemwa jioni, na wengine hufukuzwa kazi. Hata hivyo, mara nyingi hakuna aliyeigusa. Kamera ya aina hii hutegemea umeme, intaneti, akaunti na huduma ya kampuni iliyoitengeneza. Kimoja kikikosekana, sehemu ya kazi yake husimama, na huenda mzazi asijue.

Muda wa bure umekwisha

Kampuni nyingi humpa mteja mpya huduma zote bure kwa muda, mara nyingi siku 30. Baada ya hapo kamera huwa kama king'amuzi kisicholipiwa: kinawaka, lakini chaneli zimefungwa. Mzazi bado anaona kinachoendelea wakati huo huo, ila hawezi kurudi nyuma kuangalia yaliyopita. Mtoto akianguka saa nne asubuhi na mzazi akafungua simu saa sita, hakuna cha kuona.

Kamera nyingi zina nafasi ya memori kadi inayohifadhi video bila malipo ya kila mwezi, lakini si zote. Uliza dukani kabla ya kulipa. Kadi ikishawekwa, fungua programu ya kamera uhakikishe imetambuliwa, na ukumbuke kwamba ikijaa hufuta video za zamani.

Pia kamera nyingi za betri hulala na kuamka pale tu kitu kinapopita mbele yake, kwa hiyo usitegemee ikurekodie saa 24. Pengo la nusu saa kwenye video si ushahidi kwamba mtu ameizima.

Nani mwenye akaunti?

Aliyeiunganisha kamera mara ya kwanza ndiye mmiliki wake. Wengine huongezwa kama wageni, na kwa kawaida mgeni hupewa nafasi ndogo: anaona picha, lakini hawezi kubadili mipangilio. Ndiyo maana baba anaweza kupata kitufe ambacho mama hakioni kwenye simu yake.

Jambo zito zaidi ni pale fundi anapoiunganisha kwa barua pepe yake ili amalize haraka. Hapo mwenye macho ndani ya nyumba yako ni fundi. Kama huna uhakika, mwambie aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, kisha uisajili upya kwa barua pepe yako na nenosiri ambalo hulitumii kwingine.

Simu, ruta na LUKU

Taarifa zisipofika, anza na simu yako. Simu nyingi huzima programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kuokoa chaji, na ya kamera huwa mojawapo. Ingia kwenye mipangilio, iondoe kwenye orodha ya kubana matumizi ya betri, kisha iruhusu kutuma arifa. Kitufe cha kuzungumza nacho hakifanyi kazi kama programu haikupewa ruhusa ya kutumia maikrofoni.

Kamera nyingi za bei nafuu hupokea waifai ya gigahezi 2.4 pekee, hivyo ruta ikiwekwa kwenye gigahezi 5 hazitaiona. Umeme ukikatika au uniti za LUKU zikiisha, ruta inazima na kamera inapotea hewani. Inayotumia laini ya simu nayo hunyamaza bando likiisha, na kutazama picha moja kwa moja muda mrefu hulimaliza haraka.

Zawadi kutoka ng'ambo

Kamera uliyoletewa na ndugu aliye nje inaweza kuwa nzuri na bado isitoe kila kitu hapa. Kuna zilizotengenezwa kwa soko la ndani la China ambazo hukataa kufanya kazi kwingine, na kuna huduma za kulipia zinazouzwa katika baadhi ya nchi tu. Hata ndani ya Marekani si majimbo yote yanayopata kila kitu. Illinois ina sheria ya mwaka 2008 inayolinda taarifa za mwili kama sura na alama za vidole, na kamera za Google Nest hazitoi huko huduma ya kutambua sura za watu. Kwa hiyo, kabla ndugu hajanunua, mwombe aangalie kama huduma hizo zinapatikana nchini kwako.

Mzazi afanye nini?

Tenga dakika tano kila Jumapili. Pita mbele ya kamera uone kama taarifa inafika kwenye simu yako na ya mwenzako. Tafuta video ya jana. Zima data kwa muda, uiwashe, uone kama picha inarudi.

Dada wa kazi naye ajue kamera iko wapi, inaona nini na kwa nini imewekwa. Isiwekwe bafuni wala chumba anacholala. Mwonyeshe ilipochomekwa ili asiichomoe anapotaka kuchaji simu, na mwambie akupigie umeme ukikatika. Dada anayejua kwamba hatashukiwa bila sababu atakwambia mapema mtoto akipata homa au akianguka.

Zaidi ya yote, awepo jirani au ndugu wa karibu anayeweza kufika haraka, na namba yake iwe kwenye simu yako na ya dada. Kamera hata ikiwa nzima, haiwezi kumbeba mtoto kumpeleka zahanati.